Kivuli Kilichopita Kando ya Cheptais

Jumapili ya 3 Novemba 2013, saa 11 jioni ikiwa imepita kwa dakika ishirini na kitu, kivuli cha Mwezi kilivuka Mto Naili karibu na Pakwach, kaskazini magharibi mwa Uganda, kikaingia Kenya kupitia Turkana, kisha kikaishilia Ethiopia na Somalia Jua lilipokuwa linatua. Katika eneo hilo upana wa njia yake haukufika kilomita 30. Pakwach, ambako Rais Museveni alikuwapo pamoja na umati wa wanakijiji na watalii, Jua lilifunikwa lote kwa takriban sekunde 20. Kwenye Ziwa Turkana waliosafiri siku nzima kufuata sekunde hizo walipigwa na dhoruba ya mchanga na mvua dakika za mwisho, na wengi hawakuona kitu. Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Kenya, juu ya Sirisia na Malakisi, iko zaidi ya kilomita 200 kusini mwa njia hiyo. Huko Mwezi ulifunika sehemu kubwa ya Jua, lakini haukulimaliza. Hata hivyo, ukiwauliza watu wa Cheptais, wa Bungoma mjini au wa Kitale, wapo watakaokueleza bila kusita kwamba siku ile waliona Jua likipatwa. Je, kumbukumbu ya namna hiyo ina uzito gani kwa anayeandika historia? Hoja ya makala haya ni kwamba kupatwa kwa Jua hakukumbukwi kwa nguvu ya giza peke yake. Hukumbukwa pale kunapopata kitu cha kushikilia katika hesabu ya miaka ambayo jamii tayari inayo, au panapokuwa na mtu wa kuwaambia watu wainue macho. Ndiyo maana Cheptais, mahali ambapo giza kamili halikufika, ni pazuri zaidi kuichunguzia hoja hii kuliko Pakwach.

Tuanze na mwanga wenyewe, maana hapo ndipo wengi hukosea. Jua la utosini hutoa mwangaza wa takriban laksi 100,000, na laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Mwezi ukifunika sehemu 9 kati ya 10 za uso wa Jua, zinabaki kama laksi 10,000, ambazo ni mwanga wa kawaida wa siku yenye mawingu. Darasa linalohesabiwa kuwa na taa za kutosha halifiki laksi 1,000. Isitoshe, mboni ya jicho hupanuka polepole kadiri mwanga unavyopungua, na kupungua huko huchukua zaidi ya saa nzima, kwa hiyo mtu anayepalilia shamba lake anaweza kumaliza mstari baada ya mstari asijue kwamba kuna jambo. Giza la ghafla, nyota za mchana na ile taji nyeupe inayolizunguka Jua ni vya walio ndani ya njia ya kivuli tu. Wao hushuka katika sekunde chache kutoka mwanga wa mchana hadi laksi chache mno, kama wakati wa magharibi Jua likishatua. Tofauti kati ya asilimia 95 na asilimia 100, ambayo kwenye karatasi inaonekana ndogo, kwa macho ni tofauti ya mchana na usiku. Tena njia hizo ni finyu kiasi kwamba mahali popote pamoja duniani hungoja, kwa wastani, miaka 375 hivi kati ya giza kamili moja na jingine. Basi mkulima wa kahawa wa Cheptais aliyeishi miaka 80 anaweza kuwa ameishi chini ya Jua lililopatwa mara nyingi, bila hata mara moja kuona kile ambacho wasafiri hukifuata kwa ndege na mahema.

Ikiwa hivyo ndivyo, kilichomfanya mtu wa Cheptais akumbuke 3 Novemba 2013 kilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa kilitoka kwenye redio, kwa mwalimu, kwenye gazeti na kwenye simu. Watu waliambiwa mapema siku, saa na hatari ya kutazama bila kinga, wakatoka nje wakiwa tayari kuona. Aliyeambiwa aliona, na asiyeambiwa alipata jioni kama jioni nyingine. Hili halimshushii hadhi mtazamaji. Linaonyesha tu kwamba kumbukumbu yake ina vyanzo viwili, Jua na taarifa, na mwanahistoria asiyevitenganisha atadhani anasoma habari za anga kumbe anasoma habari za mawasiliano. Mtu anaweza kukumbuka kwa uaminifu kabisa sauti ya mtangazaji na kipande cha kioo kilichopitishwa mkono kwa mkono, na akakumbuka kidogo sana umbo la Jua lenyewe.

Ushahidi wa zamani wa eneo letu unaelekea upande huohuo. Kisa maarufu zaidi ni cha Biharwe, karibu na Mbarara ya leo. Masimulizi ya falme za Nkore na Bunyoro yanaeleza kwamba Olimi, mfalme wa Bunyoro, alivamia Nkore na kuteka ng'ombe wengi, na alipokuwa Biharwe Jua likatoweka mchana. Majeshi yake yakatimua mbio, yakaacha ng'ombe nyuma, na Nkore ikapata mifugo bila kupigana. Wanahistoria walipokuja na majedwali ya wanaastronomia, wengi walikiweka kisa hicho tarehe 17 Aprili 1520, na mwaka 2014 mnara wa ukumbusho ulizinduliwa Biharwe. Tazama kilichobebwa na masimulizi hayo kwa karne karibu tano. Urefu wa giza haukubebwa, wala nyota zilizoonekana, wala saa ya siku. Kilichobebwa ni ng'ombe, jina la mfalme na jina la mahali. Giza linaingia kama sababu ya ng'ombe kubaki Nkore. Lingetokea siku isiyo na vita wala mateka, huenda vizazi viwili vingetosha kulifuta. Buganda nayo ina habari za Jua kuanguka wakati wa Kabaka Juuko, ambazo wengine wamezihusisha na kupatwa kwa mwaka 1680, na pale pia tukio limening'inizwa kwenye orodha ya wafalme, orodha ambayo ikulu ilikuwa na haja nyingine ya kuitunza.

Matumizi hayo ya kupatwa kwa Jua kama msumari wa kutundikia tarehe yalipata nguvu miaka ya 1960, mwanahistoria Richard Gray alipochapisha ramani za njia za vivuli vilivyovuka Afrika ili watafiti wa masimulizi wazitumie. Roland Oliver na wenzake waliona matumaini makubwa, kwa kuwa historia isiyo na maandishi ilikuwa imepata shahidi asiyesema uongo. David Henige ndiye aliyewakemea, kwanza katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu hesabu ya miaka katika masimulizi, kisha katika makala ya mwaka 1976. Alikumbusha kwamba habari za mchana kugeuka usiku ni pambo la kisimulizi linalopatikana dunia nzima, kwamba masimulizi huazimana, na kwamba mtafiti aliyekwisha kukisia karne fulani hakosi kupatwa kwa Jua kunakoifaa karne hiyo. Pingamizi hilo ni zito, na sioni njia ya kulikwepa kwa Biharwe wala kwa Juuko. Kwa karne za mbali, tarehe zinazotokana na Jua zibaki makisio. Lakini Henige alikuwa akiuliza swali moja tu, yaani kama masimulizi yanaweza kutupa mwaka. Lipo swali la pili: kwa nini kisa hiki kilidumu na vingine vikapotea? Hilo linajibika hata kama tarehe imekosewa kwa miaka mingi, na jibu lake ni lilelile la ng'ombe na wafalme.

Anayetaka ushahidi wa kupatwa kusikokamilika, kama kwa Cheptais, na autazame uwanja wa Isandlwana, Afrika Kusini. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza hapo, na alasiri hiyohiyo Mwezi ulipita mbele ya Jua. Isandlwana haikuwa kwenye njia ya kati, na sehemu tu ya Jua ndiyo iliyofunikwa. Kwa hesabu ya laksi tuliyoifanya, hiyo ni hali ambayo wakulima wengi wangeipitia bila kugutuka. Hata hivyo kumbukumbu za Wazulu za siku ile zina Jua lililotiwa giza, na vitabu vya vita hivyo havikosi kulitaja. Moshi wa bunduki ulichangia, na hofu pia, na mtu anayepigania roho yake hutazama kila ishara. Kilichoufanya mwanga hafifu wa alasiri ile uingie katika historia ni vita. Hapa hoja inathibitika kwa njia ya kinyume: palipo na tukio kubwa la watu, hata Jua lililopunguzwa kidogo hupata nafasi, na pasipo na tukio, hata Jua lililobaki ukanda mwembamba linaweza kupita bila jina.

Sasa turudi Elgon, ambako hesabu ya miaka ina utajiri wake. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka, yaani Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, na mzunguko mzima huchukua takriban miaka 100. Tohara hufanyika Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa 2, na vikundi vya kila msimu hupewa majina kutokana na mambo yaliyotokea. Wasabaoti, kama Wakalenjin wengine, wana mfumo wa marika ulio ndugu na huo, na baadhi ya majina, kama Maina, yanasikika pande zote mbili. Mzee Mbukusu mwenye hadhi akifariki, hufanyiwa kumuse, ambapo omuswali, msimulizi wa kimila, husimama akatembea na kusimulia ukoo, marika na mambo ya kale mbele ya umati. Hayo yote ni daftari lisilo na karatasi. Juu yake zimeongezwa kumbukumbu za miaka ya karibu. Watu wa Cheptais hupima wakati kwa mpango wa makazi wa Chepyuk ulioanza mwaka 1971 baada ya watu kuondolewa Chepkitale, kwa vita vya ardhi vya miaka ya 2006 hadi 2008, na kwa operesheni ya jeshi iliyoitwa Okoa Maisha iliyoanza Machi 2008. Mtu hatakwambia jambo lilitokea mwaka gani. Atakwambia lilitokea kabla ya kukimbia au baada ya kurudi. Hesabu kama hiyo ina uwezo kamili wa kubeba kupatwa kwa Jua, ila hukubeba tu pale wenye hesabu wanapoona sababu ya kufanya hivyo.

Hapa pingamizi linaloheshimika zaidi linajitokeza. Wakalenjin, Wasabaoti wakiwa miongoni mwao, tangu kale wamemwita Mungu kwa jina lile lile la Jua, na sala za alfajiri zimeelekezwa mashariki. Mtu anaweza kusema kwamba jamii inayoliangalia Jua kwa heshima ya kiwango hicho haiwezi kukosa kuona linapopunguka, wala kuona na kusahau. Nakubali nusu ya kwanza ya hoja hiyo. Heshima huongeza macho yanayotazama, na huenda iliwafanya watu wa Elgon waone upungufu ambao wengine hawakuuona. Lakini heshima haitengenezi tarehe. Ibada ya kila siku hupenda kilicho cha kudumu, Jua linalochomoza leo kama jana, na jambo linaloivuruga kwa saa moja linaweza kuombewa, likatulizwa, likaachwa lipite. Linganisha na pwani. Huko Waislamu wana sala maalumu ya kupatwa kwa Jua, na kila mwenye elimu ya dini anajua kisa cha Jua kupatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, na Mtume akawaambia watu kwamba Jua na Mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Wanaastronomia huweka siku hiyo tarehe 27 Januari 632. Utaratibu huo huhakikisha kwamba watu wanakusanyika, kwa hiyo tukio linaonekana na wengi kwa pamoja. Bado hata pwani mtu hakumbuki kila sala ya kupatwa aliyoiswali maishani mwake. Anaikumbuka ile iliyoangukia mwaka wa harusi, wa msiba au wa mafuriko. Dini hutoa mkusanyiko, na mwaka unatoka kwingine.

Kivuli kikubwa zaidi kilichopita jirani na Elgon katika umri wa watu walio hai ni cha 30 Juni 1973. Giza lake, lililofika dakika 7 na sekunde 4 lilipokuwa refu kabisa huko Sahara, lilikuwa miongoni mwa marefu ya karne nzima. Ndege ya Concorde ilikifukuza kivuli hicho juu ya jangwa ikabaki ndani yake kwa dakika 74. Kilivuka kaskazini mwa Uganda na Kenya, na Loiyangalani, kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf, wanasayansi kutoka Marekani, Jay Pasachoff akiwa mmoja wao, waliweka kambi na vyombo vyao. Walipata zaidi ya dakika 4 za giza, na picha za taji ya Jua zilizopigwa pale bado zinatajwa na wataalamu. Cheptais, siku hiyohiyo, karibu saa 10 alasiri, Jua lilifunikwa sehemu kubwa, msimu wa mvua ukiwa umeshika na mawingu ya alasiri yakiwa jambo la kawaida mlimani. Ulinganisho huu unafundisha. Loiyangalani iliingia katika vitabu kwa sababu watu walifika na saa, filamu na madaftari. Giza lilelile lilipita juu ya wafugaji wa pande zile na juu ya vijiji vya kaskazini mwa Uganda, lakini rejista ya kisayansi haina majina yao. Walikuwa watazamaji kama mpenzi yeyote wa astronomia aliyenunua tiketi ya ndege, pengine bora zaidi, kwa kuwa walijua mahali Jua huwa saa hiyo kwa kila mlima na kila mti. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza siku chache baadaye, kabla kumbukumbu haijachanganyika na hadithi za waliorudi kutoka kambini.

Kuchanganyika huko ndiko tatizo la kweli kwa anayekusanya kumbukumbu Cheptais leo, na lina dawa ambayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Watu wa umri wa kati na wazee wa huko wamepitia, miongoni mwa mengine, kupatwa kwa mwaka 1973, kwa 1980, kwa 2005, kwa 2010 na kwa 2013. Mwaka 1980 giza kamili lilipita kusini mashariki mwa Kenya kuelekea Bahari ya Hindi, na mwaka 2005 pete ya mwanga, inayobaki Mwezi usipolifunika Jua hadi ukingoni, ilipita kaskazini mwa nchi. Mwaka 2010 pete nyingine, ambayo kwenye Bahari ya Hindi ilidumu dakika 11 na sekunde 8, muda mrefu kuliko nyingine yoyote ya milenia hii, ilipita juu ya Kampala na Nairobi zote mbili. Cheptais, kaskazini kidogo ya mstari unaounganisha miji hiyo miwili, iliona Jua likibaki ukanda mwembamba. Kwa masimulizi matupu, hayo matano huyeyuka yakawa moja. Lakini kila moja lina saa yake na siku yake. La 1973 lilikuwa Jumamosi alasiri, la 1980 Jumamosi kabla ya adhuhuri, la 2005 Jumatatu mchana, la 2010 Ijumaa asubuhi baada ya saa 2, na la 2013 Jumapili jioni. Basi usimwulize mtu ni mwaka gani. Mwulize kama Jua lilikuwa upande wa mashariki au upande wa Uganda, kama alikuwa amevaa sare ya shule au nguo za kanisani, kama vita vya ardhi vilikuwa vimeanza, kama mdogo wake alikuwa ameshatahiriwa. Aliyetahiriwa Agosti 2012 anajua kwamba mwaka uliofuata ulikuwa mwaka usio na tohara, na hilo peke yake linatosha kuitenga 2013 na 2010. Kwa njia hii hesabu ya marika, ambayo haikutunga jina la kupatwa kwa Jua, bado inaweza kukutambua kati ya mengine.

Njia hiyohiyo hutusaidia kupima yanayosimuliwa. Chukua habari ya kuku walioingia bandani, ambayo haikosi katika simulizi za kupatwa kwa Jua popote duniani. Kwa 2010 habari hiyo ina thamani, maana kuku hawana sababu ya kulala saa 2 na nusu asubuhi, na mtu akiisimulia kutoka Cheptais inafaa kuchunguzwa. Kwa 2013 haina thamani kubwa, kwa kuwa upeo wa kupatwa ulifika kiasi cha saa moja tu kabla ya machweo, wakati kuku wa Elgon wanaanza kukusanyika wenyewe. Sasa chukua habari nyingine isiyo maarufu: kwamba vitone vya mwanga vilivyopenya kwenye majani ya kahawa au ya mparachichi vilionekana kama miezi michanga mingi. Kila tundu dogo kati ya majani hutupa taswira ya Jua zima, na siku za kawaida taswira hizo ni duara ambazo hakuna anayezijali. Jua likiliwa upande mmoja, zote hugeuka hilali. Mwaka 2013, Jua likiwa chini upande wa magharibi, hilali hizo zingeangukia ukutani zaidi kuliko ardhini, kwenye ukuta wa nyumba unaotazama Uganda. Msimulizi anayesema aliziona ukutani, bila kuongozwa na swali, ametoa ushahidi ambao hakuna redio iliyoutangaza na ambao jiometri ya siku hiyo inauthibitisha. Huyo ameangalia kwa macho yake. Sentensi moja ya namna hiyo ina thamani kuliko kurasa za giza la kutisha.

Msomaji wa leo anaweza kupinga kwa kusema kwamba shida hizi ni za zamani. Simu hupiga picha, picha hubeba saa na wakati mwingine hata mahali, na mtandao hauzeeki. Ni kweli kwa kiasi, na kwa suala la tarehe peke yake simu imelimaliza. Lakini picha ya Jua lililopatwa iliyopigwa kwa simu ya kawaida huwa ni doa jeupe, na picha bora zinazosambazwa kila mara hutoka mbali. Simu hupotea, huibwa, hubadilishwa, na kilichomo hupotea pamoja nazo. Zaidi ya hayo, picha haisemi nani aliwaita watoto ndani kwa hofu na nani aliwatoa nje, wala mwalimu alieleza nini, wala kwa nini kijiji kimoja kilitazama na jirani yake kikalala. Kazi hiyo huhitaji watu. Kenya sasa inao watu wa namna hiyo, kama Susan Murabana na Chu Owen wa Travelling Telescope, ambao wamekuwa wakipeleka darubini mashuleni nchini. Kazi kama hiyo imejengwa juu ya kumwonyesha mtoto anga. Nusu yake ya pili, ya kumwandikisha mtoto alichokiona na kumtuma akamwulize bibi yake alichokiona miaka 40 iliyopita, ingegharimu kalamu na karatasi tu.

Fursa ya kuifanya iko karibu. Jumatatu ya 2 Agosti 2027 kivuli kitavuka kaskazini mwa Afrika, na karibu na Luxor, Misri, giza litadumu dakika 6 na sekunde 23. Kenya itapata sehemu tu, na Cheptais, kama kawaida yake, itakuwa kando. Kwa vyombo vya habari hiyo itakuwa sababu ya kuangalia Misri. Kwa historia ya Elgon ni sababu ya kuangalia nyumbani, kwa sababu mahali ambapo Jua halitafunikwa lote ndipo tutakapoweza kupima nani aliona kwa kuambiwa, nani kwa kujionea, na nani hakuona kabisa. Kundi la mwisho ni muhimu kama mengine, na hakuna rejista ya wapenzi wa anga iliyowahi kulihesabu. Mwaka huo utaangukia kati ya misimu ya tohara ya 2026 na 2028, kwa hiyo hesabu ya marika haitautaja yenyewe, kama haikuutaja 2013. Itabidi watu wa Cheptais, walimu na wanafunzi wao kwanza, waandike siku ileile saa, mahali waliposimama, walikosikia habari na kile hasa walichokiona, kisha waviweke shuleni na katika maktaba za Bungoma na Kitale. Wakifanya hivyo, atakayeandika historia ya Jua la Elgon miaka 50 kutoka sasa hatalazimika kuanza na Biharwe na Isandlwana kama ilivyobidi kufanya hapa.